Siku Umeme Uliporudi

Mwaka 2006 mvua zilikuwa haba, maji ya bwawa la umeme la Mtera yakashuka mno, na sisi wa Magomeni, Dar es Salaam, tukaanza kuishi kwa ratiba ya mgao wa umeme. Leo mnapata umeme usiku, kesho asubuhi, keshokutwa ratiba yenyewe haifuatwi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita mwezi wa pili, na shughuli yangu kubwa ilikuwa kusubiri: kwanza matokeo, halafu majina ya waliochaguliwa vyuo, halafu majina ya waliopata mkopo. Mama alikuwa anauza barafu za ukwaju na ubuyu. Mtu mwenye biashara ya friza katika mgao ule alikuwa na moyo wa chuma. Alizifunga usiku, zikaganda alfajiri, na saa sita mchana, watoto wakiwa bado darasani, zilikuwa zimeshalainika ndani ya mifuko. Nyingine alizigandisha upya. Nyingine zilichacha akazimwaga mferejini, kimya, kisha akakaa chini na daftari lake akapiga hesabu ya sukari iliyopotea.

Ni katika miezi hiyo nilipoanza kucheza RuneScape, gemu la kwenye intaneti. Nataka kueleza ilivyonishika, kwa sababu kila nikisikia watu wazima wanasema vijana wa gemu ni wavivu, nakumbuka jinsi tulivyofanya kazi mle ndani, na siwezi kunyamaza.

Gemu lile lilitengenezwa Cambridge, Uingereza, na ndugu wawili, Andrew na Paul Gower, likafunguliwa kwa watu mwaka 2001. Wakati ule dunia nzima ilikuwa inazungumzia World of Warcraft, gemu jingine la intaneti, lakini hilo lilitaka diski, kompyuta yenye nguvu na malipo ya kila mwezi kwa kadi ya benki. Nani Magomeni alikuwa na hayo? RuneScape ilifunguka ndani ya kivinjari, kwa programu ya Java tu, na sehemu kubwa ya dunia yake ilikuwa bure. Kompyuta chakavu ya kafe ya intaneti iliiweza. Na kuna jambo nililokuja kulielewa miaka mingi baadaye: gemu lile lilikwenda kwa hatua, kila hatua sekunde 0.6. Intaneti yetu ilikuwa ya setilaiti, maana mkongo wa baharini wa SEACOM haukufika pwani yetu mpaka 2009. Amri yako ilipanda kilomita 36,000 angani, ikashuka ng'ambo, na jibu likarudi kwa njia ileile. Nusu sekunde ilishakwisha kabla hata hujahesabu foleni ya kompyuta kumi zinazogombea waya mmoja. Gemu la mbio lisingechezeka kabisa. Hili lilikuwa la taratibu kiasi cha kutuvumilia.

Sasa, kazi yenyewe. Unafika kijiji cha Draynor, kuna miti imeinamia maji, na karibu hapo kuna benki. Unabofya mti, mtu wako wa ndani ya gemu anakata. Begi lina nafasi 28. Likijaa magogo unatembea mpaka benki, unaweka, unarudi. Ndiyo hivyo tu. Kila gogo la miti ile lilikupa alama 67.5 za ujuzi, na alama zikifika kiasi fulani, levo inapanda, fataki zinalipuka juu ya kichwa chako na wimbo mfupi unalia. Mwanzoni levo zinapanda kila dakika chache. Baadaye kila levo inadai zaidi ya iliyopita, kidogokidogo, mpaka unajikuta unakata mchana mzima kwa ajili ya fataki moja. Levo ya mwisho, 99, ilitaka alama 13,034,431. Ukitafuta nusu ya safari hiyo utadhani ni levo ya 50. Hapana, ni levo ya 92. Niligawa kwenye karatasi: zaidi ya magogo 193,000, karibu mizunguko 6,900 ya kwenda benki na kurudi.

Mtu mwenye akili timamu angeona hesabu hiyo akaondoka. Mimi iliniliwaza. Nyumbani nilikuwa namwona mama anafanya kazi usiku kucha na jua linaifuta. Mimi nimesoma miaka 13 na majibu yangu yako kwenye ofisi ya mtu nisiyemjua. Mle ndani hakuna gogo hata moja lililopotea. Ukikata, limeandikwa. Ukirudi baada ya siku tatu za giza, benki iko kama ulivyoiacha, alama ziko kama ulivyoziacha, mpaka ile nusu ya mwisho. Wanasema vijana wanakimbilia gemu kwa sababu wanakwepa kazi. Kwangu, lilikuwa ndilo kazi pekee iliyolipa palepale na haikumwonea mtu.

Na lilikudai uwepo. Mara mti unageuka kiumbe chenye macho, usipoacha haraka shoka lako linavunjika. Mara mzee wa ajabu anakutokea na kuanza kukuita kwa jina. Vitu hivyo viliwekwa ili kuwakamata waliotumia programu kukatia miti huku wamelala, lakini kwetu vilimaanisha huwezi kugeuza uso. Nilikuwa na rafiki mle ndani, kijana wa Uholanzi, aliyekata miti pembeni yangu. Alishangaa kwa nini napotea katikati ya sentensi. Nilimweleza mgao. Akauliza, kwa dhati kabisa, kwa nini tusiwapigie simu wenye umeme.

Lengo langu lilikuwa joka. Kulikuwa na jukumu moja ambalo kila mchezaji wa bure alilitazama kama mlima: kumuua Elvarg, joka la levo 83, kwenye kisiwa cha Crandor. Hupati kuvaa deraya bora ya kifuani, yaani vazi la chuma la vita, bila kumuua. Kwanza unatafuta vipande vitatu vya ramani, kila kimoja na mateso yake. Kisha unanunua meli mbovu bandarini Port Sarim kwa sarafu 2,000, unaiziba kwa mbao na misumari, unamtafuta mzee wa kuiendesha, na meli yenyewe inapasuka ukifika. Kabla ya yote unakwenda kasri la Lumbridge kumwomba mtawala ngao ya kuzuia moto, maana bila ngao hiyo joka linakuchoma papo hapo. Nilijiandaa kwa wiki kadhaa. Nilivua kamba wakubwa, nikawapika, kwa sababu chakula ndiyo dawa katikati ya pambano.

Siku hiyo Magomeni hatukuwa na umeme tangu asubuhi. Kafe ilikuwa inaendeshwa kwa jenereta, iliyofungwa mnyororo kibarazani, inanguruma mpaka ukitaka kusema na mwenzako unainama sikioni. Shilingi 500 kwa saa. Dada wa kaunta alinijua, aliniwekea kompyuta ya pembeni ambayo kitufe chake cha kipanya hakikuwa kinakwama. "Leo ndiyo leo, mdogo wangu?" aliniuliza. Nikamwambia leo ndiyo leo.

Nilishuka pangoni nikiwa na afya kamili. Joka likatema moto, ngao ikazuia sehemu kubwa. Nikapiga. Setilaiti ikachelewa, nikala kamba mmoja mapema zaidi ya nilivyotaka, kwa kuogopa kwamba amri ya kula ingefika nimeshakufa. Dogo mmoja aliyekuwa anasubiri zamu akasimama nyuma ya kiti changu, akaja mwingine, mara kuna watu wanne. Hawakujua gemu, lakini joka ni joka. Mstari wa afya yake ulikuwa umebaki robo. Mimi nilikuwa na kamba watano.

Ndipo nje mtaa mzima ukalipuka. "Umemeee! Umeme umerudiii!" Watoto walikuwa wanapiga kelele kutoka nyumba hadi nyumba, kama walivyofanya kila mara, redio zikaanza kuimba zote kwa pamoja, mashine ya kusaga ya jirani ikaanza kuzunguka. Ndani ya kafe watu walipiga makofi. Mzee mwenye kafe akachungulia mlangoni na kusema maneno aliyokuwa akisema siku zote: "Jamani, sevuni kazi zenu, nabadilisha."

Betri za akiba za kompyuta zile zilishakufa zamani. Kutoka jenereta kwenda umeme wa mtaani kulikuwa na sekunde chache za giza, na sekunde hizo zilizima kila kitu. Walioandika barua za kazi walisevu. Aliyekuwa anasoma barua pepe hakuwa na cha kupoteza. Mimi nilikuwa mbele ya joka katika dunia isiyo na kitufe cha kusevu, dunia inayoendelea hata ukiondoka.

"Mzee, dakika mbili tu, nakuomba."

"Mafuta ni hela, mwanangu. Umeme huo upo, kwa nini nichome mafuta?"

Alikuwa na haki. Akaenda kibarazani.

Skrini zikazima. Kimya cha jenereta kilinipiga kuliko kelele zake. Kompyuta ikawaka upya, Windows XP ikaanza kukagua diski kwa sababu haikuzimwa vizuri, namba zinapanda polepole, na mimi nikijua kwamba kule pangoni mtu wangu amesimama wima, hali chakula, anachomwa, kwa kuwa gemu halimtoi mara moja mtu aliye katikati ya pambano hata waya wake ukikatika. Wale waliosimama nyuma yangu hawakuondoka. Dogo wa kwanza alikuwa ameshika mgongo wa kiti.

Nilipoingia tena nilikuwa Lumbridge, uwanjani mbele ya kasri, mahali pa waliokufa. Nimebakiwa na vitu vitatu vya thamani zaidi, kama kanuni ilivyosema. Deraya nyingine, kamba, ngao, vyote viko sakafuni Crandor, kisiwa nilichokifikia kwa meli ile iliyopasuka. Rafiki yangu wa Uholanzi akaandika kuuliza kama nimemuua.

Kilichofuata ndicho ninachokifikiria zaidi kila ninapokumbuka siku ile. Sikuinuka. Koo lilikuwa limekaza, nilitaka kulia mbele za watu, na wakati huohuo mkono wangu ulikuwa unabofya ngazi za kasri. Mtawala anayegawa ngao za moto yuko ghorofani, hatua chache tu kutoka pale wafu wanapofufukia. Nilikuwa nimepokea ngao mpya kabla sijamaliza kumjibu rafiki yangu. Hasira yote ile haikunisukuma nje. Iligeuka kuwa mafuta. Laiti ningemuua joka siku hiyo, nadhani ningekwenda nyumbani mapema. Kwa kuwa nilishindwa, nilikaa mpaka dada wa kaunta alipoanza kuzima kompyuta moja baada ya nyingine, na hata yeye alinipa robo saa ya bure kwa huruma. Siku hizi Shirika la Afya Duniani limeuweka ulevi wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika 2022. Nilipoisoma habari hiyo niliikumbuka ngao ile.

Nyumbani taa zilikuwa zinawaka na friza inanguruma. Mama alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwa muda mrefu. Alikuwa amechemsha ndoo mbili za ukwaju na anafunga mifuko kwa kasi, maana hakuna aliyejua umeme ungekaa mpaka lini. Nilikaa nikamsaidia kufunga. Mtaa mzima ulikuwa unashukuru umeme, mama zaidi ya wote, na mimi sikuweza kumwambia mtu yeyote kwamba ndio ulioniua.

Joka nilimuua baadaye, asubuhi moja tulivu, umeme ukiwa umetulia na hakuna mtu nyuma ya kiti. Fataki zililipuka. Kisha nikagundua zawadi yenyewe ni nini. Hupewi deraya. Unapewa ruhusa ya kuivaa, na mtu wa Edgeville anayeitwa Oziach anakubali kukuuzia, kwa zaidi ya sarafu 80,000. Mimi sikuwa na hata robo yake.

Jioni hiyo nilichukua daftari la mama la barafu, nikafungua ukurasa wa nyuma, nikaanza kugawa: bei ya deraya kwa bei ya gogo, magogo kwa 28, mizunguko kwa dakika, dakika kwa shilingi za kafe. Nililiacha mezani nikaenda kuchota maji. Niliporudi mama alikuwa amelishika chini ya taa, anafuata tarakimu kwa kidole.

"Hili deni la nani?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, miti, benki, joka, Oziach, hata ile siku ya umeme. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kama anavyomsikiliza mteja anayeeleza kwa nini hajalipa. Kisha akauliza kama vitu hivyo mtu anaweza kuniibia. Nikamwambia ndiyo, akijua neno langu la siri.

"Basi lishike vizuri," akasema. "Na kesho kabla hujaenda huko, uniletee sukari kilo tano."