Siku Nilipoanika Nyuzi Juu ya Mawe

Mwezi Mei 2020 nilikuwa nimepanga chumba kimoja Kirumba, jijini Mwanza, chini kabisa kwa upande wa ziwani, mahali ambapo ukifungua dirisha alfajiri harufu ya dagaa wa soko la samaki la Mwaloni inaingia kabla ya mwanga. Ziwa Victoria lilikuwa limeanza kupanda tangu mvua za vuli za mwaka uliotangulia. Lilianza kumeza jiwe walilokuwa wakifulia akina mama, likafuata njia ya nyuma, kisha bustani ya mchicha ya mama mwenye nyumba. Tulilitazama tu. Wazee walisema haya si mageni, yaliwahi kutokea enzi za mvua za uhuru, na kwamba lingerudi lenyewe. Baadaye nilikuja kusoma kwamba mwezi ule ule kipimo cha maji ya ziwa cha Jinja, kule Uganda, kilifika mita 13.42, juu kidogo ya rekodi ya 1964. Kipimo changu mimi kilikuwa kiroba cha nyuzi kilichokaa sakafuni chini ya kitanda. Jumamosi moja asubuhi nilikivuta, kikagoma kuja.

Uzi uliolowa una uzito wa ajabu. Akriliki yenyewe, uzi wa plastiki, hainywi maji, lakini bonge zima linayashika katikati ya nyuzi zake kama sifongo, na pamba ndiyo inakunywa mpaka inashiba. Nilifungua mdomo wa kiroba. Juu palikuwa pakavu. Nikazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, nikakuta ubaridi, na nilipoutoa vidole vilikuwa vya zambarau. Hapo ndipo nilipokaa kitandani nikalia. Kodi ya chumba ilikuwa imelipwa hadi Agosti, na wala sikuikumbuka.

Nilimpigia simu baba mdogo. Yeye ni mtu wa Ukerewe, na kazi yake tangu ujana ni kushona nyavu pale Mwaloni. Alifika na guta na vijana wawili.

“Shikamoo, baba mdogo.”

“Marahaba, mwanangu. Haya, tuanze na godoro.”

“Tuanze na nyuzi.”

Alinitazama, akatazama maji yaliyokuwa yakimeta chini ya meza, hakubisha. Tukaanza kutoa. Chini ya kitanda, juu ya kabati, nyuma ya mlango, ndani ya masufuria ambayo sikuyapikia. Nilihesabu viroba 7, mabegi 2 ya shangazi kaja, ndoo 2 za lita 20 zenye mifuniko, na sanduku la bati nililosomea sekondari. Vyombo vyangu vya jikoni vilienea kwenye beseni moja. Jirani yangu alikuwa amefunga, maana ilikuwa Ramadhani, na bado alijitwika kiroba kimoja hadi barabarani bila mtu kumwomba.

Wengi hudhani mfumaji anarundika uzi kwa tamaa. Mimi ilianza na sweta moja la bluu. Mwaka 2014 nilipata mteja, nikanunua mabonge matano katika duka moja katikati ya mji, nikafuma mwili na mkono wa kwanza, uzi ukaniishia kwenye mkono wa pili. Nikarudi dukani, nikapewa bluu ile ile, jina lile lile kwenye lebo. Nikamalizia usiku chini ya taa. Asubuhi mteja alilivaa, akatoka nalo juani, na hata mpita njia angeona kwamba mkono mmoja umetoka mbingu nyingine. Alilirudisha, na sikumlaumu. Mwenye duka ndiye aliyenionyesha kwamba lebo ina namba mbili: moja ya rangi, na nyingine ya pipa ambalo uzi ule ulitiwa rangi. Kila pipa hutoka na wekundu wake, na bluu yake. Ukiishiwa katikati, pipa lile limeshauzwa, halirudi tena.

Tangu siku hiyo, kazi ikihitaji mabonge manne nanunua sita. Fanya hivyo kwa kazi kumi, una mabonge 20 ya ziada, na hakuna hata moja la kutupa, kwa sababu kila moja lina ndugu zake ndani ya sweta la mtu.

Halafu kuna Mlango Mmoja, soko la mitumba. Madukani uzi karibu wote ni akriliki. Sufu halisi mimi naikuta kwenye mitumba. Sweta la watu wa nchi za baridi, limetoboka kiwiko, hakuna anayelitaka, unapewa kwa bei ya maandazi. Ila lazima ulikague. Geuza ndani uangalie mishono ya ubavuni. Ikiwa vipande vilifumwa kila kimoja peke yake kisha vikaunganishwa, uzi utatoka mrefu bila kukatika. Ikiwa vimekatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloki, liache, maana utavuna vipande vya urefu wa dhiraa. Kisha chomoa unywele mmoja wa uzi, uwashie kiberiti: sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanapukutika, akriliki inayeyuka na kuacha punje ngumu. Ndoo zangu zote mbili zilijaa uzi wa namna hiyo, na ndizo nilizopanda nazo mimi mwenyewe kwenye guta nikizikumbatia.

Tulikuwa tunahamia kwa dada yangu, Kitangiri mlimani. Anayeijua Mwanza anajua nyumba zetu zinavyoning'inia kati ya mawe. Guta lilifika mwisho wa barabara likakoma, na kutoka pale ni kichwani, kwenye kijia chembamba ambacho mvua ilikuwa imekichimba. Kila kiroba kilipanda peke yake. Vile vilivyolowa vilihitaji watu wawili, na maji yalitiririka mgongoni mwa kijana wa mbele, ya zambarau, kisha ya kijani, fulana yake ikaishia kuwa na ramani. Safari ya nne baba mdogo alikaa kwenye jiwe akafuta jasho.

“Hizi zote unazifuma lini?”

“Zimeshaanza kufumwa,” nikamwambia. Ilikuwa kweli.

Uani kwa dada hakuna kamba inayotosha mzigo ule. Kuna mawe. Mawe makubwa kuliko nyumba, ya mviringo, yanayopata jua tangu saa tatu mpaka magharibi, na siku ile mvua ilikuwa imepumzika. Dada akasema uzi ukikaa hivyo hadi kesho utaota ukungu. Tukaanza kumwaga na kutandaza. Mabonge tuliyapanga kwenye mikunjo ya mawe yasibiringike. Kazi zilizoanzwa nilizitandaza moja moja, bapa, zisivutike kwa uzito wa maji.

Hapo ndipo nilipoziona zote pamoja kwa mara ya kwanza. Zilikuwa 31.

Masweta 14 ya kijani yalikuwa ya watoto wa chekechea moja. Yote yalikuwa na mkono mmoja. Napenda kufuma mikono ya kushoto yote kwanza, kisha ya kulia, ili mkono wangu usisahau kipimo, na nilikuwa nimefika hapo Machi 17 Serikali ilipotangaza kufunga shule kwa sababu ya korona. Mwenye chekechea hakupokea tena simu yangu. Yakafuata vitambaa vya makochi vya kroshia, vinne kati ya kumi, vya binti aliyekwisha kuolewa na kupata mtoto. Kofia tatu za watoto wachanga, zisizofungwa utosini. Shali ya zambarau ya mama yangu. Na mengine, na mengine, karibu yote yakiwa na sindano ndani. Mtu asiyefuma hawezi kujua jambo hili: kazi isiyokwisha inashika sindano zako mateka. Kwa sweta la kawaida natumia namba 10 kwenye pindo na namba 8 mwilini, na jozi zangu zote za namba 8 zilikuwa zimelala ndani ya kazi. Kazi mpya ilipokuja nilichonga vijiti vya mianzi nikavilainisha kwa msasa. Kulabu zangu mbili za kroshia ni spoku za baiskeli zilizotiwa tupa.

Majirani walianza kuja. Mawe yalikuwa yamevaa nguo, na kutoka barabarani ilionekana kama kuna sherehe. Wanawake walipita wakigusa kwa ncha za vidole, na kila mmoja aliuliza swali lile lile: “Hii ya nani?” Nikawa najibu. Hii ya mama. Hii ya fulani wa Nyakato. Hii ya mtoto wa mwalimu wangu. Hakuna iliyonikosesha jibu. Nilikuwa nikiambiwa miaka yote kwamba naanza kazi kwa sababu nimevutiwa na rangi, na nilianza kuamini. Lakini pale juu ya jiwe niliyataja majina 31 bila kukwama, na kila jina nililikumbuka na siku niliyomwahidi.

Mtoto wa dada yangu, wa miaka mitano, alikuwa akitufuata nyuma. Akasimama mbele ya sweta dogo la njano: kifua, mgongo na mkono mmoja, bado havijaunganishwa.

“Mama mdogo, hii ya nani?”

“Ni yako.”

Akaokota kipande cha kifua akajipimia. Kilimfika juu ya kitovu. Nililianza mwaka 2017, akiwa na miaka miwili, mama yake alipokuwa akimleta kwangu amejifunika khanga kwa upepo wa ziwa.

“Mbona dogo?”

Sikuwa na la kumwambia. Nilikaa chini kwenye jiwe lenye joto, nikachukua kile kipande, nikatafuta uzi wa mwisho pale mabegani, nikampa ncha.

“Vuta.”

Alivuta. Ufumaji unafumuka kutoka mwisho kurudi mwanzo, mstari kwa mstari, na vitanzi vinapoachia vina mlio mdogo kama wa mvua inayoanza. Mtoto alicheka kwa mshangao, akarudi nyuma akivuta, akarudi tena, mpaka akafika mlangoni kwa mama yake. Dada alitoka akashika kichwa. Baba mdogo bila kuambiwa alinyoosha mikono yake miwili mbele, akaitenganisha, nami nikauzungusha uzi humo. Alijua. Kwa wavuvi uzi ni uzi.

Ulikuwa umejikunja wote kama nywele zilizosukwa na kufumuliwa. Tuliufunga kitita sehemu nne, tukaufua kwa maji ya uvuguvugu, tukautundika kwenye tawi la mwembe na chupa ya maji ikining'inia chini yake kuunyoosha. Kipande kwa kipande, mpaka saa kumi na moja sweta lote lilikuwa vitita vitano mtini. Kisha nikaenda kwenye sanduku la bati, lililopanda likiwa kavu kabisa, nikachimba hadi chini. Mabonge mawili ya njano yalikuwepo, lebo nimezisokomeza katikati. Pipa lile lile. Niliyabusu.

Jioni baba mdogo alikuwa akinywa chai, ameshika mkono mmoja wa yale masweta ya kijani, akiugeuza.

“Unaanzia wapi?”

“Kwenye kifundo cha mkono, huku chini, napanda begani.”

“Na mtoto akirefuka?”

“Siwezi kuongeza. Chini ndiyo mwanzo, mwanzo haufumuki.”

Akaweka kikombe. Alinieleza anavyofanya na wavu uliochanwa na mamba au jiwe. Hakati duara tu na kubandika kiraka. Anapunguza kwa kisu mpaka afikie macho mazima, halafu anafungia uzi pale penye uzima, na sindano yake ile bapa inayobeba uzi tumboni inashuka nao kuelekea chini. “Anzia palipo pazima,” akasema, “ukomee pale panapochakaa.” Alikuwa anazungumzia nyavu. Mimi nilikuwa natazama mkono wa sweta.

Sikulala mapema. Niliazima taa ya dada, nikaandika vitanzi vya kifua kipya kwa kipimo cha mtoto aliyelala karibu yangu, nikiacha nafasi ya vidole vinne. Uzi uliofumuliwa na ule mpya, hata wa pipa moja, hautofautiani sana lakini unatofautiana, kwa hiyo nilifuma mistari miwili ya huu, miwili ya ule, mpaka jicho lisiweze kuukamata mpaka wake. Nilipounganisha mabega niliokota vitanzi ukingoni mwa kwapa na kushuka nao mpaka mkononi, kwa mara ya kwanza maishani.

Yale ya chekechea niliyamalizia Juni. Shule zilifunguliwa tarehe 29, wazazi 9 wakaja wenyewe kuchukua, matano nikayauza moja moja. Shali ya mama ilivuka na baba mdogo kwenda Nansio, kule Ukerewe. Kofia tatu zilipata vichwa.

La njano lilikwisha wakati kipupwe kimeanza kuuma asubuhi. Mikono nilifuma mirefu makusudi; alivaa akaikunja mara mbili, akapanda juu ya lile jiwe kubwa kuniita nimtazame. Uzi uliobaki haukufika nusu ya bonge. Niliufunga pamoja na lebo yake kwenye kipande cha kitenge, nikaandika jina la mtoto kwa kalamu, nikaurudisha kwenye sanduku la bati, upande wa juu. Mwaka 2022 nilifumua pindo la mikono ile na kuongeza mistari 12.