Maridhiano hayajafika kwa sheha

Nilipoondoka Pemba, hata maziko yalikuwa na chama. Akifa mtu wa CCM mtaani kwetu Wete, watu wa CUF, chama cha upinzani, walibaki barazani. Akifa wa CUF, wale wengine hawakuonekana. Tulisusiana madukani na kwenye daladala, na ndoa zilivunjika. Mizizi ya uhasama huu ni ya zamani, tangu ASP na Hizbu, vyama vya kabla ya Mapinduzi ya 1964, lakini kizazi chetu kiliuonja baada ya uchaguzi wa rais wa Zanzibar wa 1995, Dk. Salmin Amour wa CCM alipotangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF. Januari 2001 polisi wakawapiga risasi waandamanaji wa CUF, na watu zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Mimi niliondoka muda mfupi baadaye. Hata Uingereza tulifika na vyama vyetu: harusi ya huyu, yule haendi.

Sasa nimerudi kukaa. Siku chache baada ya kufika tulimzika ami yangu, CCM wa tangu ujana wake, na miongoni mwa walioshika jeneza niliwaona watu waliokuwa hawamuitikii hata salamu. Mmoja wao ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea. Nililia, na sikuwa namlilia ami peke yake.

Hali hii ina waliokubali kuilipia. Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu, wao kwa wao. Siku chache baadaye Maalim alisimama uwanja wa Kibandamaiti, mjini Unguja, akawaambia wafuasi wake kwamba CUF sasa inamtambua Karume kuwa rais. Watu walihamaki. Walikuwa wamezika jamaa zao kwa kukataa jambo hilohilo. Naamini pale ndipo ushirikiano wa vyama ulipopimwa hasa, kwa sababu kumpa mkono hasimu ni rahisi kuliko kurudi kwa watu wako na kuwaeleza kwa nini umempa.

Julai 31, 2010, Wazanzibari walipiga kura ya maoni na asilimia 66.4 wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Miezi miwili kabla, Waingereza nao walikuwa wamepata serikali ya vyama viwili, ya Cameron na Clegg, na wenzangu kazini walidhani sisi tumeiga. Wao viti havikutosha, ndiyo maana wakaungana. Sisi tuliungana ili watu wasife tena, tukaandika kwenye Katiba kwamba Makamu wa Kwanza wa Rais atoke chama kilichoshika nafasi ya pili. Uchaguzi wa mwaka ule Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM alipata asilimia 50.1, Maalim 49.1, na hakuna aliyekimbilia Shimoni.

Kilichofuata mnakijua. Oktoba 28, 2015, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Jecha Salim Jecha, alifuta uchaguzi mzima. CUF ikasusia marudio ya Machi 2016, umoja ukafa, na Pemba watu wakaanza tena kugomeana mazikoni. Desemba 2020, baada ya uchaguzi mwingine uliomwaga damu, Maalim, akiwa sasa kwenye chama cha ACT-Wazalendo, alikubali kuingia tena serikalini pamoja na Rais Hussein Mwinyi. Februari 2021 akafariki, akazikwa kwao Mtambwe, na nafasi yake akapewa Othman Masoud Othman.

Kwa hiyo juu, mkono umepeanwa mara mbili. Chini hali ni nyingine. Sheha, yaani kiongozi wa serikali mtaani, hachaguliwi na wananchi, anateuliwa. Bila yeye kukutambua hupati kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na bila kitambulisho hicho huandikishwi kupiga kura. Kijana wa jirani yangu, aliyezaliwa nyumba ya pili na kwetu, amezungushwa hadi kachoka: leo karatasi hii haipo, kesho njoo na shahidi. Kila mtu mtaani anajua baba yake ni wa chama gani. Wakubwa waligawana wizara, mtoto huyu hana hata kitambulisho. Mimi nataka masheha wachaguliwe, na vyama vyote viwe na mtu wao pale uandikishaji unapofanyika. Mpaka hapo, maridhiano yatakufa tena siku viongozi wakigombana.

Nilimweleza hayo mtoto wa ami, ambaye ni balozi wa CCM, kiongozi wa chama wa nyumba kumi, kama alivyokuwa baba yake. Nilitarajia atabisha. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Kaka, yule mtoto kazaliwa mbele ya macho yangu. Mimi ndiye nitakayekuwa shahidi wake." Jumatatu asubuhi tunakwenda wote watatu, na yeye kasema atatangulia kuzungumza.