Nimeenda Wellington kuangalia panga za muvi zinavyotengenezwa

Mimi kwenye muvi naangalia vitu kuliko waigizaji. Nikiona upanga nataka kujua nani kaufua, nikiona deraya nataka kujua ni chuma kweli au wametupiga changa la macho. Kwa hiyo nilivyopata nafasi ya kwenda New Zealand kumtembelea dada yangu, nilimwambia mapema kabisa, dada milima na bahari vitangoja, kwanza nipeleke Miramar, mtaa wa Wellington wanakotengeneza vitu vya muvi.

Uwanja wa ndege wenyewe tu ulikuwa unakupa salamu. Nilipofika mimi bado walikuwepo wale tai wawili wakubwa wa kwenye muvi za The Hobbit wananing'inia darini, mabawa kama mita 15 toka ncha hadi ncha, mmoja kambeba mzee mchawi mgongoni. Ndani ni fremu ya chuma, nje ni stairofomu, ile nyeupe inayokujaga kwenye boksi la TV, imechongwa halafu ikawekwa manyoya moja moja ikapakwa rangi. Dada akaniambia Januari 2014 tetemeko la ardhi lilimwangusha mmoja, bahati nzuri hakuna aliyeumia. Ukimtazama toka chini usingeamini kama ni stairofomu.

Miramar ni mtaa wa kawaida tu, nyumba za watu, watoto wanaendesha baiskeli, upepo wa Wellington unakusukuma mgongoni kama una deni nao, na katikati ya hayo ndo kuna Weta Workshop, nje wamekaa madude matatu makubwa kama ya mawe watu wanapiga nayo picha. Karakana hii walianzisha Richard Taylor na mwenzake Tania Rodger mwaka 1987, wakianzia chumba cha nyuma cha nyumba waliyokuwa wanaishi. Ndo hao hao waliokuja kutengeneza silaha, deraya na viumbe vya The Lord of the Rings, zile muvi za pete ya uchawi, vitu kama 48,000 hivi kwa muvi zile tatu.

Sasa twende kwenye kilichonipeleka. Kijana aliyekuwa anatutembeza alitupa panga mbili tushike, kwa macho ni pacha kabisa, ngozi ile ile kwenye mpini, mikwaruzo ile ile kwenye bapa. Ya kwanza mkono ukashuka, chuma cha springi hicho, imefuliwa na kusuguliwa na fundi panga wao Peter Lyon, hiyo ndo ya kamera ikisogea karibu na mhusika mkuu kaishika. Ya pili nyepesi, aluminiamu, ya kupigania, maana muigizaji akirushiana chuma halisi siku nzima mkono utamtoka na mwenzake anaweza kukatika kweli. Halafu akatoa ya tatu, ya mpira, hiyo anapewa askari wa nyuma kabisa au anayeanguka toka kwenye farasi. Inavyofanyika ni kwamba ile ya chuma inatengenezwa kwanza mpaka ikamilike, inamwagiwa silikoni, silikoni ikikauka unakuwa na kalibu inayoshika hadi mkwaruzo wa ukucha, halafu humo unamimina mpira wa maji maji unatoa nakala nyingi unavyotaka. Kazi inayobaki ni rangi, na hapo ndo nilisimama muda mrefu kuliko sehemu nyingine zote, kwa sababu rangi ndo inayodanganya. Wanapaka rangi ya fedha, wanaweka nyeusi juu, wanaifuta kabla haijakauka, nyeusi inabaki kwenye mifereji tu, halafu kutu ya kahawia inaguswa guswa pale ambapo jasho la mkono lingefika au mvua ingetuama. Mtu anayepaka lazima ajue askari huyu alilala wapi na jiwe lake la kunoa lilipita upande gani, asipojua, upanga unaonekana mpya umechafuliwa makusudi.

Kwenye deraya niliguswa zaidi. Pete zile za deraya za kwenye muvi zilikuwa za plastiki, mwanzoni walikata bomba la plastiki vipande vyembamba, wakaunganisha pete moja baada ya nyingine kwa mkono, kisha zikapitishwa kwenye umeme ili zishike madini zing'ae kama chuma. Pete zinazotajwa ni zaidi ya milioni 12, na waliofanya kazi hiyo ya kuunganisha walikaa nayo miaka, hadi alama za vidole zikawasagika. Nilishika kipande nikaizungusha kidoleni nikawakumbuka kina mama wa kwetu wanaotunga kofia za vito, tundu moja baada ya tundu moja, na mvaaji hajui jina la aliyeitunga. Watu wa namna hiyo muvi ikiisha majina yao yanapita chini watu washatoka ukumbini, na mimi naona hiyo si haki hata kidogo.

Na kuna vitu ambavyo havikubaki kabisa. Ile miguu mikubwa yenye manyoya waliyovaa kina Frodo, wale watu wafupi wa kwenye The Lord of the Rings, ilikuwa ya sponji laini ya mpira, inaokwa kwenye oveni, inagundishwa asubuhi, jioni ikivuliwa inachanika basi. Zilitengenezwa zaidi ya jozi elfu moja. Hata zile zilizohifadhiwa, sponji ya aina hiyo inakauka na kumeguka yenyewe ikikaa miaka, ndo maana kwenye maonyesho unaona taa hafifu na joto limedhibitiwa. Ukiona kitu cha mpira cha muvi ya zamani kiko kizima nyuma ya kioo, ujue kuna mtu anakihudumia kama mgonjwa.

Ile pete yenyewe ya dhahabu haikutoka hapo, ilitoka Nelson, ng'ambo ya maji, kwa sonara Jens Hansen, aliyefariki 1999 hajaiona hata muvi moja, mwanae akaendelea. Zilitengenezwa kama 40, saizi tofauti tofauti kwa vidole tofauti, na moja ina upana wa kama sentimita 20 kwa ajili ya ile picha ya karibu sana. Nelson sikufika, muda ulinibana.

Siku iliyofuata dada akanipeleka Te Papa, jumba la makumbusho la taifa, kuna maonyesho ya vita vya Gallipoli, kule Uturuki wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, yaliyofunguliwa 2015 na sanamu zake zimetengenezwa na Weta hao hao. Watu wanane, kila mmoja mara 2.4 ya mtu halisi. Hapa hakuna kamera ya kuwafichia, unasimama karibu mpaka unaona vinyweleo vya mkono vimechomekwa kimoja kimoja, matundu ya ngozi, uchafu ndani ya kucha. Kuna askari, Jack Dunn, anakula huku nzi wametua juu ya chakula chake, nikajikuta nataka kuwafukuza. Na kuna nesi, Lottie Le Gallais, analia kashika barua alizomwandikia kaka yake, zimerudishwa kwa sababu kaka ameshauawa. Machozi yale ni kazi ya mikono ile ile inayotengeneza madude ya kwenye muvi, na kwangu mimi hiyo ndo kazi yao bora kuliko zote, kwa sababu ni watu waliokuwepo kweli na fundi hakuwa na pa kujificha.

Mtu akiuliza aanzie wapi namwambia aanze Miramar, basi namba 2 toka mjini inakufikisha, achukue ziara ya karakana yenyewe asiishie dukani mbele, halafu ndo aende Te Papa. Ukishajua kalibu na rangi zinavyofanya kazi utaziangalia zile sanamu kwa jicho lingine kabisa. Na beba jaketi, hata kama jua linawaka.