Nilivyojifunza Kuzisoma Sarafu za Qianlong

Nilipokuwa mwanafunzi Beijing nilinunua sarafu 12 za shaba ya manjano, zenye tundu la mraba katikati, zikiwa zimetungwa kwenye uzi, na muuzaji aliniapia kwamba zote ni za enzi ya mfalme Qianlong, aliyetawala kuanzia mwaka 1735 hadi 1796. Usiku huo nilianza kuzisoma kwa kulizunguka tundu, juu, kulia, chini, kushoto, nikapata jina la mfalme asiyekuwamo katika orodha yoyote.

Aliyenitoa gizani ni Yongle, mfalme wa China aliyetawala mapema karne ya 15. Niliikumbuka picha ya sarafu yake iliyofukuliwa kisiwani Manda, Kenya, mwaka 2013. Nilipoitazama upya, herufi mbili za jina lake zilikuwa moja juu ya tundu na nyingine chini yake. Kumbe husomwa juu, chini, kulia, kushoto: kwanza jina la enzi, kisha tongbao, yaani hazina inayozunguka mikononi mwa watu.

Maandishi ya nyuma nilikuwa nimeyadhania urembo, kumbe ni Kimanchu, lugha ya jamii ya Wamanchu aliyotoka Qianlong, ambacho huandikwa kwa kushuka. Kushoto kuna neno boo, yaani hazina, na kulia jina la kiwanda kilichoitengeneza sarafu. Sarafu 10 zilitoka katika viwanda viwili vya Beijing, kimoja cha wizara ya mapato na kingine cha wizara ya ujenzi, na moja ilitoka jimbo la Yunnan, kwenye migodi ya shaba.

Iliyobaki ndiyo iliyonikosesha usingizi. Ilikuwa na jina la kiwanda cha mapato, lakini kipenyo chake kilipungua milimita mbili na herufi zake zilikuwa butu. Sarafu hizi hazikugongwa, zilisubiwa: sarafu mama, yaani sarafu ya mfano, ilikandamizwa mchangani, shaba iliyoyeyuka ikamiminwa katika alama yake, kisha sarafu zilizopoa zikatungwa kwenye ufito wa pembe nne ili zisizunguke wakati kingo zikipigwa tupa. Kwa kuwa shaba husinyaa ikipoa, sarafu mama ilitengenezwa kubwa kidogo; msubu wa magendo asiyekuwa nayo hukandamiza sarafu ya kawaida, na anachopata ni ndogo kuliko kielelezo chake.

Nilimrudia muuzaji na rula mkononi. Alicheka, akasema hata enzi ya Qianlong palikuwa na wasubu wa magendo, kwa hiyo bandia ya zamani nayo ni ya zamani, wala hakunirudishia hata senti.