Bakapu ya mtandaoni: uliza kwanza faili zitarudi vipi

Mtu akitaka bakapu ya mtandaoni, yaani nakala ya akiba ya faili zake inayokaa kwa kompyuta za kampuni fulani, swali la kwanza huwa ni GB ngapi kwa pesa ngapi, na mimi naona hilo ndilo la kuulizwa mwisho kabisa. La kwanza ni hili: siku leptopu imeibwa, ama imelowa maji ya mafuriko huku Nyalenda, faili zangu zitanirudia vipi, kwa intaneti gani, baada ya muda gani, na nikizipata zitafunguka? Nimesaidia watu hapa Kisumu kupanga haya mambo, walimu, wanakwaya, jamaa zangu wa ushago, na kila tukianzia hapo kwa kurudisha, yale makampuni yote yanayojipigia debe yanabaki mawili matatu tu.

Lakini pia ujue uko na nini. Jirani yangu mmoja mwalimu hapa Mamboleo alikuwa anawaza terabaiti na malipo ya kila mwezi, tukakaa tukapima: skimu zake za kazi, mitihani ya miaka ya nyuma, vyeti vya watoto alivyoskani, makaratasi ya ushuru ya KRA, barua za mkopo wa sacco, yote kwa pamoja hayakufika GB 6. Huyo hana haja ya kulipa mtu. Upande mwingine kuna kwaya ya parokia yetu, rekodi za sauti, video za harusi na za mazishi, za miaka na miaka, ziko kwa leptopu moja na diski ngumu za nje, zinakaribia GB 200, na baadhi yake ndizo sauti pekee tulizobaki nazo za wazee waliotuacha. Hizo haziwezi kurekodiwa upya hata upewe pesa gani, na ndizo zinanifanya nishike hii stori kwa uzito.

Mwalimu akaniuliza kitu ambacho karibu kila mtu huuliza. “Dada, si zangu ziko Google Drive tayari? Hiyo si ni bakapu?” Nikamwambia, “Mwalimu, hebu tufute moja tuone.” Tukatengeneza faili ya majaribio kwa ile folda ya Drive kwenye leptopu yake, tukangoja, ikaonekana kwa simu. Halafu tukaifuta kwa leptopu. Akashika simu, akaburuta skrini kwa kidole ijisasishe, na huko pia haipo. Akaniangalia, akasema, “Sasa kijana wangu akicheza na hii mashine?”

Ndio hapo. Google Drive, Dropbox na OneDrive kazi yao ya msingi ni kusinki, yaani kinachofanyika kwa folda ya leptopu kinafanyika kule juu pia, ni kama kioo, ukijipaka masizi na kioo kinakuonyesha masizi. Ni huduma nzuri na mimi nazitumia kila siku kwa kazi. Pipa la taka liko na linaokoa watu wengi, lakini kwa Google Drive faili iliyofutwa hukaa humo siku 30 halafu inaondolewa, na OneDrive ya mtu binafsi na Dropbox ya bure pia ni siku 30. Sasa mwalimu anafunga shule mwisho wa Oktoba ama Novemba, Desemba yote yuko nyumbani, folda ya mitihani ataifungua Januari, na siku 30 zimeshapita zamani. Alafu kuna zile programu za kudai fidia, WannaCry ya Mei 2017 ndiyo watu wanaikumbuka, zinafunga faili zako zote kwa ufunguo wa siri na kudai pesa, na folda ya kusinki haijui tofauti, inachukua ile faili iliyoharibiwa na kuipandisha juu mahali pa ile nzuri. OneDrive nayo kwa Windows 11 inapenda kuchukua Desktop na Documents yenyewe bila watu wengi kuelewa, GB 5 za bure zinajaa haraka, na mtu anabaki akidhani kila kitu kiko salama.

Bakapu yenyewe ni tofauti kwa sababu kazi yake ya msingi ni kuweka matoleo ya zamani. Faili ikiharibika leo unaenda kuchukua ya wiki iliyopita. Kwa hivyo kitu cha kuangalia ni matoleo yanakaa kwa muda gani, na hapa ndipo makampuni yanatofautiana sana. Backblaze, hiyo imekuweko tangu 2007, unalipia kompyuta moja na unaweka kiasi chochote, haihesabu GB, na inajichagulia yenyewe karibu kila kitu kilicho kwa mashine, ni rahisi kwa mtu asiyetaka mambo mengi. Ukiiacha vile inavyokuja inaweka matoleo ya siku 30, lakini unaweza kuingia kwa mipangilio ukabadilisha iwe mwaka mzima bila kuongeza pesa, na nakuomba ukiichukua ufanye hivyo siku hiyo hiyo. Haifanyi kazi kwa Linux, ni Windows na Mac tu. IDrive yenyewe inahesabu nafasi, unanunua kiasi fulani, lakini ndani ya hiyo nafasi unaweka kompyuta kadhaa na simu pia, na ya bure ni GB 10.

Kitu kimoja kilichoniamulia mambo ya kwaya ni zile diski ngumu za nje. Kwa Backblaze, kama uko kwa yale matoleo ya siku 30, diski ya nje lazima uichomeke angalau mara moja kila siku 30, la sivyo inahesabiwa kama umeifuta na nakala yake inaondoka. Mtu anayekaa na diski mezani hatasumbuka. Lakini diski zetu zinafungiwa kwa kabati la kanisa, mwenye funguo anasafiri, kuna mazishi Siaya, kuna kongamano Kakamega, miezi inaenda. IDrive kwa kawaida haifuti nakala ya juu eti kwa sababu haioni ile ya chini, inangoja wewe mwenyewe uagize kusafisha. Kwa watu wanaoishi vile tunavyoishi naona hilo lina uzito kuliko urahisi wa Backblaze, na ndiyo nilipendekeza kwaya ichukue IDrive. Kama una leptopu moja tu na diski haitoki kwake, ningekwambia Backblaze bila kusita.

Sasa intaneti. Waifai ya nyumba ikiandikwa 10 Mbps hizo ni biti milioni 10 kwa sekunde, si baiti, na baiti moja ni biti 8, kwa hivyo GB 200 kwa spidi ya kupanda, yaani ya kutuma faili juu, ya 10 Mbps ni kama saa 44 bila kupumzika, na kwa 5 Mbps ni karibu siku nne. Hapo ni kama hakuna kukatika, na sisi tunajua stima yetu. Pima spidi ya kupanda, si ya kushuka, manake kwa laini nyingi hazilingani, na uipime usiku watu wakiwa wamelala ndio utaona uwezo wake kamili. Bando za simu usijaribu kwa ile bakapu ya kwanza, utamaliza pesa. Hizi programu zikikatwa njiani zinaendelea pale zilipoachia, kwa hivyo blakauti haikurudishi mwanzo, ila ukiwa na kile kibetri kidogo cha kushikilia rauta hata leptopu itaendelea kwa chaji yake na kazi haisimami. Ukiweza, anza na folda za maana kwanza, sauti za wazee, hati za shamba, picha za familia, halafu video nzito zifuate. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika siku moja na intaneti ya Kenya ikawa ya kuvutavuta, na mtu aliyekuwa na nakala yake yote huko ng'ambo peke yake siku hizo angeshika kichwa.

Hiyo ndiyo sababu siwezi kumwambia mtu aweke mtandaoni tu. Nakala tatu, kwa vitu viwili tofauti, moja ikae mbali na nyumba, hiyo kanuni watu wa picha wameifuata miaka mingi na inafanya kazi hata huku kwetu. Mtandaoni kule pia kunaungua: Machi 2021 jengo la seva, yaani kompyuta za kuhifadhia faili za watu, la kampuni ya OVHcloud pale Strasbourg, Ufaransa, liliteketea na kuna wateja waliopoteza kila kitu. Na makampuni nayo yanaacha biashara. CrashPlan walikuwa na bakapu ya watu wa nyumbani iliyopendwa sana, Agosti 2017 wakatangaza wanaifunga, Oktoba 2018 ikaisha. Amazon Drive ilifungwa 31 Desemba 2023. Wote walitoa notisi, ni kweli, lakini mwenye GB nyingi na laini ya polepole anahitaji hiyo notisi aione mapema, kwa hivyo jisajili kwa barua pepe unayofungua kila siku. Na zile ofa za kulipa mara moja utumie maisha yako yote, mimi huwa nazipita, manake seva inakula stima kila mwezi na kampuni lazima ilipe. Diski ngumu ya pili ya kwaya tuliipeleka ushago Vihiga, mbali na ziwa.

Malipo. Karibu zote ni kwa dola na zinataka kadi. Tangu 2022 kuna ile kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay, inafanya kazi kwa nyingi, lakini kumbuka malipo ya mwaka wa pili yatajikata yenyewe na kama M-Pesa haina kitu siku hiyo akaunti inaanza kuhesabiwa siku, kwa hivyo weka kumbusho wiki mbili kabla. Backblaze ni dola 99 kwa mwaka, hiyo kwa dola ya shilingi 129 ni kama 12,800, lakini Januari 2024 dola ilikuwa imefika karibu 160 na pesa hiyo hiyo ingekuwa karibu 15,800. IDrive huuza mwaka wa kwanza kwa punguzo kubwa na wa pili ni bei kamili. Ukitengeneza bajeti tengeneza kwa bei ya mwaka wa pili. Kwaya tunachanga, na mweka hazina alifurahi kuambiwa mapema.

Kuna jambo lingine watu hawapendi kuliongea lakini mimi nitaliongea. Nani ataingia kwa hiyo akaunti wewe ukiwa haupo? Huduma nyingi za bakapu zinakupa uchague ufunguo wako mwenyewe wa siri, na ukiuchagua hata kampuni haiwezi kusoma faili zako, ni ulinzi mkubwa, lakini ukiupoteza hakuna ofisi ya kupiga simu, zimeenda. Kwa picha za familia ninawashauri watu wasiuchukue isipokuwa wauandike kwa karatasi na karatasi ikae kwa mtu wa kuaminika. Google nayo tangu Desemba 2023 inaweza kufuta akaunti ya mtu binafsi ambayo haijafunguliwa miaka miwili. Ni wangapi wetu tuna baba ama shangazi aliyefariki na picha zake zote ziko kwa akaunti ya simu ambayo imezimwa kwa droo? Kama una paswadi, ingia leo, pakua, uziweke mahali pengine. Kama mzee bado yuko, mkae naye kwa heshima muweke jina la mtoto mmoja kwa ile sehemu ya Google ya akaunti isiyotumika. Namba ya simu inayopokea zile tarakimu za siri za kuingia kwa akaunti pia ni shida, manake laini ikikaa bila kutumika hupewa mtu mwingine, kwa hivyo zile tarakimu za akiba, za kuingilia simu ikikosekana, chapisha pale saiba na uzihifadhi pamoja na hati za nyumba.

Na kabla ya kulipa, rudisha. Backblaze inakupa siku 15 za kujaribu bure, IDrive ina zile GB 10, hizo zinatosha. Sisi tulichukua folda moja ya kwaya, tukaipandisha kutoka leptopu ya katibu, halafu tukaingia kwa leptopu nyingine kabisa ambayo haijawahi kuona hiyo programu, tukaingia kwa brauza, tukachagua folda, tukaipakua. Tukaangalia majina ya faili kama yamebaki vile yalikuwa, tarehe, saizi, kisha tukafungua moja moja, si kuangalia orodha tu. Rekodi ya mazoezi ilicheza mpaka mwisho, na ule ukohozi wa mpiga kinanda katikati ulikuwepo. Video moja ilikataa, tukaenda kuangalia ile ya asili, nayo ilikuwa imekatika tangu zamani, kumbe hata hilo bakapu imetusaidia kulijua wakati mtu mwenye nakala nyingine bado anapatikana. Amepatikana Luanda na amekubali kutuma.

Mwalimu alichukua zile GB 10 za bure, akaongeza fleshi mbili, moja nyumbani moja kwa dada yake Ahero, na anaendelea na Drive yake kwa kazi za kila siku. Kama uko Bungoma, Busia, Nakuru ama Kericho na umewahi kurudisha faili nyingi, tuseme zaidi ya GB 50, niandikie ulitumia laini gani na ilichukua muda gani, niko na watu wanaosubiri kuamua.