Ukitega Rakuni Marekani, Jua Kwanza Utamfanya Nini

Aliyefuga kuku nyumbani anawajua wezi wake: nguchiro, kanu, mwewe. Huku Marekani na Kanada kuna mwingine, rakuni, mnyama wa usiku mwenye baka jeusi machoni na mkia wa pete, na tofauti yake kubwa ni mikono. Ana vidole vitano vya kushika na kuvuta. Anafungua komeo jepesi, anainua mlango wa kuteleza, anapitisha mkono kwenye wavu na kumvuta kuku aliyelala karibu na ukuta. Ndiyo maana asubuhi unaweza kukuta banda limefungwa vilevile, kuku amelala chini na kichwa hakipo. Ukikuta kuku ametoweka mzimamzima na manyoya machache tu yamebaki, mshuku zaidi mbweha. Nyayo za rakuni kwenye tope zinafanana na viganja vya mtoto mchanga.

Wengi wakishapata hasara hukimbilia mtego. Mtego peke yake hautoshi, kwa sababu ukimwondoa huyu, wa pili atahamia pale pale maadamu chakula kipo. Anza na banda. Ule wavu mwepesi wa matundu ya pembe sita unawazuia kuku wasitoke, haumzuii adui asiingie, rakuni anaurarua. Nunua wavu wa chuma wa matundu ya nusu inchi, geji 19 (kipimo cha unene wa waya), na uufunge kwa skrubu zenye washa pana, kwa sababu pini za stepla zinang'oka akivuta. Tandaza wavu huohuo chini, upana wa futi moja kwenda nje kuzunguka banda lote, uufunike kwa udongo kidogo. Akija kuchimba kando ya ukuta anakuta chuma. Mlango uwekee kufuli, au komeo linalohitaji mikono ifanye vitu viwili kwa wakati mmoja. Chakula kisilale nje usiku.

Baada ya hapo, kama bado anazunguka, ndipo uulize sheria, na uulize kabla ya kununua. Hapa ndipo wageni wengi tunaponasa sisi wenyewe. Kwetu mnyama aliyenaswa anapakiwa kwenye gari na kuachiwa porini, na mtu anaona ametenda wema. Katika jimbo la Massachusetts hilo ni kosa, na California huwezi kumhamisha bila idhini ya idara ya wanyamapori. Ontario, kule Kanada, unatakiwa kumwachia ndani ya kilomita moja kutoka mahali aliponaswa, na ndani ya saa 24. Sababu kubwa ni kichaa cha mbwa. Miaka ya 1970 rakuni walisafirishwa kutoka kusini mashariki mwa Marekani kwenda upande wa Virginia kwa ajili ya wawindaji, na ugonjwa ukasafiri nao. Ukaenea majimbo ya pwani ya mashariki yote. Mpaka leo serikali hudondosha kwa ndege chambo chenye chanjo ili usivuke kwenda magharibi. Basi pigia idara ya wanyamapori ya jimbo lako uulize mambo matatu: naruhusiwa kutega bila leseni? mtego ukaguliwe kila baada ya saa ngapi? akinaswa nifanye nini? Kumzamisha kwenye maji si njia ya huruma, madaktari wa mifugo wa huku wanaikataa waziwazi, na kufyatua bunduki uani mjini kunakuletea polisi. Majibu yakikuchosha, mlipe mtegaji mwenye leseni.

Ukiruhusiwa, tumia mtego wa kizimba wa mlango mmoja, wa inchi 10 kwa 12 kwa 32 hivi. Mdogo kuliko huo, mlango unamwangukia mgongoni na anatoka kinyumenyume. Uweke kwenye njia anayopita, juu ya ardhi tambarare, kwa sababu mtego unaoyumba anauogopa. Uzito ni muhimu: weka matofali mawili juu au uukaze chini kwa vigingi, la sivyo ataupindua ili chambo kidondoke. Kosa linalowashinda wengi ni kuacha nyuma wazi. Rakuni haingii kama anaweza kuchota kwa nje, kwa hiyo funika theluthi ya nyuma, pande zote, kwa mbao au wavu wa matundu madogo, na chambo kiwe ng'ambo ya kibati cha kukanyagia kinachoangusha mlango, mwisho kabisa.

Chambo bora ni mashimelo, zile pipi nyeupe laini za sukari. Samaki na chakula cha paka hufanya kazi, lakini asubuhi utakuta paka wa jirani, au skanki, ambaye kwa uvundo anamzidi hata kicheche wetu. Paka hahisi ladha ya sukari, ndiyo faida ya mashimelo. Usiku wa kwanza na wa pili funga mlango kwa waya ubaki wazi, mwache ale bure; wa tatu tega. Ondoa mipira ya maji, turubai na nyaya zilizo karibu, maana akiwa ndani atavuta chochote anachofikia. Kagua alfajiri, na mchana ufunge, kwa sababu kuku nao huingia.

Masika, kuanzia Aprili, jihadhari zaidi. Majike wana watoto shimoni au darini, na ukimnasa mama wanakufa njaa, pengine ndani ya dari yako. Kama inawezekana, imarisha banda na usubiri kiangazi kikolee.

Usimshike hata akionekana mpole. Vaa glavu nene za ngozi, funika kizimba kwa blanketi kabla ya kukibeba. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji dakika 15, nenda hospitali siku hiyohiyo, na mnyama asipigwe kichwani, kwani ubongo ndio unaopimwa kichaa cha mbwa. Kinyesi chake pia kina hatari: rakuni huwa na choo chao mahali pamoja, na mayai ya minyoo yaliyomo yanaweza kumfikia mtu mpaka kwenye ubongo, hasa watoto wanaochezea udongo. Jiki haiyaui. Zoa kinyesi kikiwa kibichi, maana mayai huchukua wiki mbili hadi nne kabla ya kuweza kuambukiza, kisha mwagia maji yanayochemka.