Picha kwenye sanduku la bati la bibi

Jana jioni, hapa Kirumba, Mwanza, mama alishusha sanduku la bati ambalo halijafunguliwa tangu tumzike bibi. Chini ya vitenge tukakuta picha 41, zote za Geita, enzi babu alipokuwa akifanya kazi mgodini, kabla mgodi wa wakoloni haujafungwa mwaka 1966.

Moja imenishika. Bibi kabeba mtoto mgongoni, ndoo kichwani, nyuma yake nyumba za kambi, na anacheka mpaka macho yamefumba. Bibi niliyemjua mimi hakucheka hivyo.

“Huyo wa mgongoni ni mimi,” mama akasema. Kisha akanyamaza muda mrefu.

Dhahabu ya Geita husimuliwa kwa wakia na tani. Humu kwenye picha kuna masufuria, harusi, watoto pekupeku.

Nyingine zimegandana kwa unyevunyevu, hatukuzibandua. Zilizo salama nazipiga picha kwa simu mbele na nyuma, maana bibi aliandika majina kwa penseli na yanafifia.

Ndugu zangu wa Geita na Sengerema, kama babu zenu walikaa kambi ile, njooni mtazame. Mama bado anawakumbuka wengi kwa sura.